Kadi ya Kumi na Mbili

Mwalimu Dafroza hakuomba kuwa mwalimu wa michezo. Raba ndizo zilizomponza. Siku aliyoripoti kazini, miaka kumi na moja iliyopita, mvua ilikuwa imeshinda inanyesha na barabara ya kutoka Nyamuswa kwenda upande wa Mugeta ilikuwa tope tupu. Viatu vyake vya heshima akavitia kwenye mfuko, akavaa raba, akapanda bodaboda. Alipofika, akaingizwa moja kwa moja kwenye kikao cha walimu, na raba zake miguuni. Mwalimu mkuu, Mwalimu Machibya, alikuwa anagawa majukumu. Akamtazama miguu, akatabasamu, akasema, "Naona Mungu katuletea mwanamichezo." Watu wakacheka, kalamu ikaandika, na jambo likiandikwa kwa kalamu ya Machibya, basi limeandikwa.

Kusema kweli alikuwa hajui hata timu ya netiboli ina wachezaji wangapi uwanjani. Yeye alikuwa mtoto wa Mugango, wa ziwani, aliyelelewa kwa kuparua samaki na kuanika dagaa. Lakini ukishapewa kazi utafanyaje? Akaazima kijitabu cha sheria, akawa anakisoma mchana na kukifundisha jioni, kurasa mbili mbele ya wanafunzi wake. Fundi baiskeli akawatengenezea pete za goli kwa rimu za baiskeli ya mtoto. Wasichana walicheza pekupeku, na ng'ombe waliokatiza uwanjani walipewa njia, kwa kuwa uwanja ulikuwa njia yao kabla haujawa uwanja.

Kosa lake lilikuwa kuifanya kazi hiyo vizuri. Mwaka wa pili timu yake ilishinda kata nzima, mwaka wa tatu vilevile, ikawa desturi. Timu ya kata ikawa ni wasichana wake kumi na wawili, na Mwalimu Machibya, ambaye shule yake ilikuwa haijawahi kutajwa popote ila kwenye orodha ya shule zenye upungufu wa madawati, akaanza kusimama wima kwenye vikao. Tangu hapo Dafroza akawa hatoki.

Alijaribu, msidhani alikaa tu. Mara nne aliomba uhamisho arudi kwao. Mara nne Mwalimu Machibya alimjibu kwa upole uleule, kwamba ngoja kwanza mashindano yaishe. Mashindano yakiisha, ngoja kwanza mtihani wa darasa la saba uishe. Mtihani ukiisha, mwaka mpya huo, na timu inaandaliwa na nani? Alikuwa mzungumzaji mpole, Machibya. Ukitoka ofisini kwake unaweza kufika mpaka nyumbani ndipo ukumbuke kwamba umekataliwa.

Halafu mama yake, Mama Sabina, akapooza upande wa kulia. Mwaka wa pili sasa alikuwa amelala Mugango, anahudumiwa na mdogo wake Dafroza, Evance, ambaye ni mvuvi, na mvuvi hana muda wa kushinda ndani akimgeuza mgonjwa. Jirani alikuwa anapita kumlisha, siku akikumbuka. Kila jioni baada ya mazoezi Dafroza alipiga simu, Evance anaishikilia kwenye sikio la mama, na kwa sababu hapakuwa na habari nyingine ya kumfurahisha mgonjwa, akawa anamsimulia netiboli. Mama Sabina alizijua timu zote za kata kuliko mratibu wa elimu. Aliyempenda zaidi alikuwa Rhobi, msichana wa darasa la saba, mrefu kama mlingoti, mfungaji wa timu.

"Leo Rhobi kafunga mangapi?" ndilo lililokuwa swali lake la kwanza, kwa ulimi mzito.

"Kumi na manne, Mama."

"Mlete huku nimwone."

Na kweli ilikuwa ahadi. Atakayeshinda mashindano ya wilaya, pale Bunda, anakwenda ya mkoa, Musoma. Dafroza aliwaambia wasichana wake kwamba wakifika Musoma atawapeleka kuliona ziwa, wengi wao walikuwa hawajaliona, kisha wapitie Mugango wale sato kwa mama yake. Rhobi alikuwa akiuliza mambo ya ajabu. Je, upande wa pili unaonekana? Je, maji yanachoka kupiga kelele? Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na alizipiga pete zile kwa mpira kama mtu anayepigilia misumari.

Mwezi wa tano mlango ukafunguka. Mwalimu mmoja wa shule ya Mugango, Marcelina, ambaye mume wake yuko Mugeta, alikuwa anatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Siku hizi maombi hayo yanafanyika kwenye simu, kwenye mfumo, lakini hayaendi popote mpaka mwalimu mkuu ayapitishe. Dafroza akaenda ofisini, safari hii hakukaa kwenye kiti.

"Mkuu, mama yangu anaoza mgongo," alisema. "Mimi siombi tena. Nakuuliza tu, niondoke lini?"

Machibya aliweka kalamu mezani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linachosha. "Timu ikitolewa tu, Mwalimu, siku hiyohiyo napitisha. Nakuapia mbele ya Mungu. Lakini timu ikienda Musoma, unabaki nayo. Nikikuachia katikati, wazazi watanitafuna."

Kwa hiyo fikiria mwenyewe. Kila goli la Rhobi lilimfunga mwalimu wake. Dafroza alisimama kando ya uwanja akipiga makofi, na moyoni akihesabu siku. Aliwahi kujaribu, kwenye mechi moja ya kata, kumweka Rhobi nyuma akazuie badala ya kufunga. Wakashinda hata hivyo.

Asubuhi ya mashindano ya wilaya, Bunda, kulikuwa na uhakiki. Wasiojua michezo ya shule huenda wasijue ugonjwa wake mkubwa, nao ni mamluki, yaani kuchezesha watu wazima walioshonewa sare za shule. Kwa hiyo kwenye ngazi ya wilaya kila mchezaji huonyesha kielelezo cha umri. Vyeti vya kuzaliwa kule kwao ni vya wachache, kielelezo cha wengi ni kadi ya kliniki, ile waliyopimiwa uzito wakiwa wachanga. Kina mama wa Mugeta wanaitunza kadi hiyo kuliko nguo za Pasaka. Haitoki ndani ila kwa jambo kubwa, na ikitoka, imefungwa nailoni mbili. Akina mama kumi na mmoja walizileta shuleni siku moja kabla. Mama wa kumi na mbili, Debora, mama yake Rhobi, aliitoa alfajiri gari likiwa tayari linanguruma, akampa mwanawe, mwanawe akampa mwalimu. Kwa haraka hiyo Dafroza akaitia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wake, ule wenye zipu, mbali na zile nyingine. Rhobi alisimama hapohapo mpaka zipu ikafungwa, kama alivyoagizwa na mama yake.

Walipokuwa kwenye foleni ya uhakiki, simu ikatetemeka. Ujumbe wa Marcelina. *Madam, mwisho wangu ni keshokutwa. Kuna mwenzetu wa Nyamuswa mkuu wake kashapitisha. Samahani, na mimi nina watoto.*

Aliusoma mara mbili. Kisha ukaingia mwingine, wa Evance. *Mama kidonda kimefunguka tena.*

Mezani alikaa Mwalimu Ephraim, mwenye miwani na kikohozi, mtu asiyemwamini mtoto yeyote mwenye kimo. Dafroza alipanga kadi kumi na moja mezani. Ephraim akazipitia moja moja, akainua macho, akayapandisha mpaka yakafika usoni kwa Rhobi.

"Huyu mrefu je? Kadi yake."

Hapo ndipo ilipotokea, na haikuchukua muda. Dafroza hakuwa amepanga, hilo anaweza kuapa popote. Mkono ulikwenda kwenye mkoba. Vidole vikaigusa nailoni kupitia kitambaa cha mfuko wa ndani. Kilichobaki ni kufungua zipu.

"Ya huyu sinayo," alisema.

"Huna?"

"Sinayo. Hawakuileta."

Ephraim akamgeukia mtoto. "Wewe. Kadi yako iko wapi?"

Rhobi alimtazama mwalimu wake. Hakuutazama mkoba, alimtazama usoni, muda mfupi, kama anavyofanya uwanjani akingoja kuelekezwa asimame wapi. Kisha akateremsha macho.

"Iko nyumbani," alisema. "Nilisahau."

Walicheza bila yeye, wakafungwa ishirini na moja kwa tisa. Rhobi aliangalia mechi yote akiwa amekalia dumu la maji. Sara, nahodha, alitoka uwanjani analia, akapita mbele yake na kusema, "Kadi tu. Kitu kidogo hivyo kinakushinda." Kwenye gari la kurudi hakuna aliyekaa karibu naye. Dafroza alikuwa mbele na dereva, mkoba mapajani, na njia nzima alihisi zipu ile chini ya kiganja. Alijiambia atasema wakifika Nyamuswa. Walipofika Nyamuswa, alijiambia atasema shuleni. Shuleni Mwalimu Machibya alikuwa anawangoja getini, akawapa pole, akamvuta Dafroza pembeni, akatoa simu na kupitisha ombi lake palepale, mtandao ukimsumbua mpaka akapanda juu ya kichuguu.

"Nilikuapia na nimetimiza," alisema akishuka. "Nenda kamwuguze mama. Huyu mtoto wa Debora ndiye katuangusha, wewe huna kosa."

Dafroza akafungua mdomo, akasema, "Asante, Mkuu."

Majibu hayakukawia, safari hii kila kitu kilikwenda upesi utadhani kilikuwa kinasukumwa. Baada ya wiki tatu alikuwa chumbani kwake anafunga godoro kwa kamba, Rhobi akabisha hodi. Alikuwa na sare, jembe begani, anatoka shamba la shule.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba, Rhobi. Karibu ndani."

"Nimekuja kuchukua ile kadi. Nilikuwa naogopaga kuja. Nimesikia kesho unaondoka."

Haikuwa na lawama, sauti ile. Dafroza alifungua mkoba. Kadi ilikuwa palepale, nailoni zake mbili hazijafunguliwa. Tangu siku ile hakuwa amethubutu kuigusa.

"Mama amekuuliza?" alisema.

"Nilimwambia ilinidondoka njiani. Leo nitamwambia nimeiokota."

"Amekuchapa?"

"Kidogo tu." Akaipokea kwa mikono miwili, akaiingiza chini ya sketi, kiunoni, akaivuta blauzi ikaifunika. "Sijamwambia mtu, Madam. Hata Sara. Nilijua utakuwa na sababu."

Dafroza alitaka kumshika. Alitaka kumwambia sababu yenyewe, mgongo wa mama yake, meseji mbili kwenye foleni, miaka kumi na moja. Alipoipanga kichwani, akaona sababu yote ile haimtoshi mtoto huyu hata nusu. Akasema, "Mungu akubariki." Rhobi akaitikia amina, akatoka. Wenzake walikuwa wanapita njiani na majembe yao, kwa hiyo hakufuata njia. Alizunguka nyuma ya jiko, akapitia mahindini, ili wasimwone anatoka kwa nani.

Sasa Dafroza yuko Mugango. Anafundisha darasa la tatu, na walipomuuliza kama anajua michezo alisema hajui. Shule iko karibu kiasi kwamba saa nne anawahi nyumbani kumgeuza mama. Kidonda kimeanza kujifunga. Majirani wanamsifu, wanasema mtoto wa kike ndiye mtoto, na dirishani ziwa linaonekana lote, mpaka visiwa.

Ila Mama Sabina kichwa chake si kile tena. Mambo ya jana hayashiki. Kila jioni, Dafroza akiingia na bakuli la uji, mama humtazama, uso ukachangamka upande ule mmoja unaoweza.

"Leo Rhobi kafunga mangapi?"

Siku za mwanzo Dafroza alijaribu kumweleza kwamba timu ilitolewa, kwamba yeye hayuko huko tena. Mama alisikiliza, akasikitika sana, akauliza ni kwa nini Rhobi hakucheza, akatokwa na machozi. Kesho yake akauliza upya, kwa furaha ileile. Ikamlazimu Dafroza kujibu tena na kumliza tena.

Siku hizi anakaa kitandani, anakoroga uji, anampulizia mama yake kijiko.

"Kumi na manne, Mama."

"Mlete huku nimwone."

"Nitamleta," anasema, na kumpa kijiko kingine.