Baiskeli Bila Mzigo

Siku ile ya simu tulikuwa watu sita mezani, Mesquite, pembeni mwa Dallas, nyumbani kwa mwanangu. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mwanangu wa kwanza, mwenye nyumba, anayeendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyua mizigo, kwenye ghala. Alikuwepo mke wake, mkwe wangu, ingawa kwa jinsi tulivyokaa jiko moja nimeshaacha kumwita mkwe mbele yake. Alikuwepo binti yao mkubwa, mjukuu wangu, mfanyakazi wa ofisi kule Plano. Huyo ndiye mwenye safari. Alikuwepo binti yangu, shangazi wa huyo mwenye safari, aliyeendesha gari kutoka Missouri City, karibu na Houston, akaingia amechoka na njia, akadai chai kabla hajasalimia. Na alikuwepo rafiki wa mjukuu wangu, Mkenya, nesi, ambaye si ndugu yetu wa damu lakini kikombe chake kabatini kwetu kinajulikana.

Majina yao ninayo yote, pamoja na ya wengine wengi wasiokuwepo. Sikuyaandika kwa sababu mjukuu wangu alisema si vizuri kumweka mtu kwenye maandishi bila kumuuliza, nami nikaona ana haki. Aliyemo atajijua.

Habari yenyewe ilianza Jumapili mbili kabla ya hiyo simu. Tumetoka misa, tumekula ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, mjukuu wangu akasogeza bakuli la mboga ya lengalenga, akaweka simu yake mahali pake.

"Bibi, naomba uangalie hapa."

Nikaangalia. Niliona bahari ya bluu, na ndani yake kisiwa kimelala kama unyayo wa mtu aliyepita juu ya tope.

"Inaitwa Sardinia," akasema. "Ni upande wa Italia. Mwezi wa tano tunataka kwenda kuzunguka huko kwa baiskeli. Mimi na huyu." Akamgusa bega Mkenya wake. "Tunaungana na kikundi."

Mwanangu akaacha kutafuna. "Baiskeli," akasema. "Mimi nimehangaika na foklifti miaka yote hii ili mtoto wangu apande gari. Gari amepata. Sasa anataka baiskeli."

"Ni likizo, Baba."

"Babu yako aliendesha baiskeli kila siku ya Mungu akiomba siku ya kuiacha."

Hilo ni kweli. Marehemu mume wangu alikuwa na baiskeli nyeusi. Ndiyo tuliyovuka nayo kutoka Burundi kuingia Tanzania: godoro nyuma, sufuria zimefungwa kwa mpira wa tairi, mwanangu huyu huyu ameketishwa mbele kwenye bomba, mume wangu anaivuta kwa usukani, mimi naisukuma kwa nyuma. Kambini ikabeba kuni, ikabeba mahindi, ikabeba wagonjwa. Sikuwahi kumwona yule mzee amepanda baiskeli isiyo na kitu nyuma. Kama hakukuwa na gunia, alikuwepo mtu.

Kwa hiyo nikauliza la maana. "Na mizigo yenu mtafungia wapi?"

Mkenya, ambaye kwao bibi ni shosho, akajibu, "Shosho, mizigo haina shida. Kuna gari inabeba mabegi. Inatangulia, sisi tunayakuta hoteli jioni."

Mkwe wangu akainua kichwa. "Kuna gari?"

"Ndiyo, mama."

"Linakwenda huko huko mnakokwenda?"

"Huko huko."

"Lina viti?"

"Liko na viti, mama."

"Na nyinyi mtakuwa juu ya baiskeli."

Tulicheka mpaka mwanangu akatoka nje kufuta macho. Mjukuu wangu naye alicheka, lakini nilimwona anavyoishika ile simu. Alikuwa hatanii.

Basi nikamuuliza swali ambalo nyumbani kwetu huulizwa kila anayesafiri, awe anakwenda Houston au anakwenda Bujumbura. "Nani atakupokea?"

"Kuna hoteli, Bibi. Nimeshaziona picha zake."

"Hoteli si mtu."

"Kuna kiongozi wa kikundi."

"Unamjua mama yake?"

"Bibi jamani."

"Mimi nauliza tu."

Wengine huona ni ukaidi wa kizee. Lakini mimi nimefika mahali ambapo hakuna anayejua jina langu, nikiwa na mtoto mgongoni na mvua inanyesha, nikasimama mpaka ikabidi nikae chini. Tangu siku ile nilijiwekea neno: mtu wa nyumba yangu hukabidhiwa kwa mtu. Anatoka mkononi mwangu, anaingia mkononi mwa mwingine. Hata Dallas tulipokelewa. Tuliposhuka ndege na mifuko yetu myeupe ya wakimbizi, alikuwepo mwanamke ameinua karatasi yenye jina la ukoo wetu. Lilikuwa limekosewa herufi, lakini lilikuwa letu, nami nilikwenda kusimama chini ya ile karatasi kama mtu aliyefika kwao. Mjukuu wangu alikuwa mdogo, amelala begani kwa baba yake. Haikumbuki.

Nikamwambia, "Nipatie mtu huko, nami nitakupa baraka zangu."

Angeweza kwenda bila baraka zangu. Ni mtu mzima, ana mshahara wake. Lakini alisema mbele ya wote, "Bila neno la Bibi siendi," na baba yake akasema vizuri, na mimi nikalala vibaya, kwa sababu sasa lilikuwa juu yangu. Kikundi kilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Jumamosi iliyofuata akaja kunichukua. Alitaka nikamwone anavyofanya mazoezi. Sardinia ni milima, na Texas yetu hii ni tambarare kama sinia. Shangazi yake alikuwa akimcheka kwenye simu kwamba Houston ni mbaya zaidi, kilima chao ni daraja la barabara kuu. Huyu wa Plano alikuwa amepata dawa yake: jengo la kuegesha magari, lile la ghorofa kwa ghorofa, ambalo Jumamosi huwa tupu. Analipanda mpaka juu kabisa, anashuka, anapanda tena.

Alinifungulia kiti kwenye kona yenye upepo, akavua suruali ya juu, ndani amevaa kaptula nyeusi ya kubana, nene hapo pa kukalia.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyotaniana mimi na yeye, "hiyo kaptula imeshonewa godoro?"

"Ndiyo, Bibi. Kiti ni kigumu."

"Babu yako godoro alilifunga nyuma. Wewe umelivaa."

Akaondoka anacheka. Nikasikia mnyororo ukilia kwenye zile kuta, ukiwa chini, ukipanda, kisha akatokea mwenyewe kwenye kona, ameinama, jasho linamdondoka puani. Akanipita bila kunitazama. Alikuwa ameshusha bega la kushoto kidogo, kama anayesikiliza gurudumu. Babu yake alilishusha vile vile kila alipopanda mlima, na huyu mtoto hakupata kumwona akipanda, kwa maana mzee alifariki kabla hajazaliwa. Hakuna aliyemfundisha. Nilikaa pale kwenye kiti changu nikajisikia mtu mkubwa. Mlinzi wa jengo alipopita nikamwonyesha kwa kidole, nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba yule ni wangu.

Aliposimama kunywa maji alisema, "Bibi, nikwambie kitu? Safari zangu zote nimepelekwa. Kutoka kambini nilipelekwa. Kuja Dallas nilipelekwa. Hii peke yake ndiyo nataka kwenda."

Nilimfuta jasho kwa kanga yangu. Lakini nilirudi Mesquite nimeamua kwamba mtu wa kumpokea nitamtafuta mimi mwenyewe.

Nilitafuta kwa njia yangu. Nilifumba macho nikasimama tena kwenye foleni ya maji kambini, nikaanzia bombani nikirudi nyuma, mwanamke mmoja mmoja kwa jina lake, na watoto wake kwa majina yao. Wa mbele kabisa alipelekwa Arizona. Aliyemfuata alirudi Burundi akajenga. Yule mrefu, watoto wake wako Kanada na wamesoma. Mwenye mapacha sijui aliko, Mungu anajua. Nikafika kwangu, nikageuka nyuma. Nyuma yangu siku zote alisimama Mkongomani mmoja mwenye ulimi mkali, jirani yangu wa hema kwa hema, na huyo yuko Norwe. Na binti yake wa mwisho ni mtawa. Na utawa wake uko Italia.

Ndiyo ikaja ile Jumapili ya watu sita. Binti yangu wa Missouri City alikuwa na namba ya huko Norwe kupitia watu wa kwaya. Akanishikia simu mbele ya uso, akapiga, na jirani yangu akatokea kwenye kioo, amevaa sweta, amezeeka lakini macho yale yale.

"Jirani," akasema, "ungali hai? Bado unaruka foleni huko Amerika?"

"Huku maji yamo ndani ya nyumba. Hakuna wa kumruka."

Tukasalimiana. Tukaulizana wafu na walio hai, ikachukua muda, mwanangu akaanza kutazama saa. Kisha nikaingia kwenye shauri langu.

"Sista wako bado yuko Italia? Yuko Sardinia?"

"Yuko Roma, anatunza wazee. Sardinia ni kisiwa, jirani, watu wanapanda meli usiku mzima. Kuna nini?"

"Mjukuu wangu anakwenda huko. Namtafutia wa kumpokea."

Uso wake ukabadilika. Akaisogeza simu karibu mpaka tukaona paji la uso peke yake. "Mungu wangu," akasema. "Na Amerika pia? Huyo mtoto anakimbia nini?"

Mkwe wangu alikuwa ameshika birika, akabaki amelishika.

"Hakimbii kitu," nikasema.

"Usinifiche, jirani."

"Hakimbii kitu. Ana kazi. Ana pasipoti. Bosi wake amempa likizo. Anakwenda kuzunguka kisiwa kwa baiskeli, aone bahari, ale chakula chao, halafu anarudi."

"Kwa baiskeli. Amefunga nini nyuma?"

"Hakuna kitu nyuma."

"Hakuna kitu?"

"Mabegi yanatangulia na gari," nikasema, na nilisikia sauti yangu inapanda yenyewe. Jumapili mbili nyuma neno hilo hilo lilituchekesha. Sasa nililisema kama mtu anayesoma matokeo ya mtoto wake aliyekuwa wa kwanza darasani. "Mabegi yana gari lao. Yeye anakuja nyuma juu ya baiskeli tupu, na akichoka anashuka kupiga picha."

Jirani yangu alifunika mdomo kwa mkono. Alipouondoa alikuwa anacheka, au analia, kioo ni kidogo, sikuona sawasawa.

"Ile baiskeli ya mzee wako," akasema, "ilinipeleka zahanati na uchungu wa huyu sista. Na gunia la mkaa hakulishusha."

"Alichelewa kulifungua."

"Nilijifungua nina mkaa mpaka masikioni. Na sasa mjukuu wake anakwenda na baiskeli tupu." Akatikisa kichwa. Kisha ulimi wake ukarudi. "Halafu wewe, mzee mzima, unamtafutia mpokezi kama mkimbizi. Mtu mwenye siku ya kurudi anapokelewa huko kwa nini? Mpokee wewe akirudi."

Binti yangu aliyeshika simu akacheka mpaka jirani yangu akawa anaruka ruka kwenye kioo. Alinishinda kambini kwa maneno, akanishinda tena akiwa Norwe.

Simu ilipokatika nilimwita mjukuu wangu. Akaja akapiga magoti pembeni ya kiti changu, jambo ambalo watoto wa huku hawalifanyi, na yeye hakuambiwa na mtu. Nilimwekea mkono kichwani, nikamfanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso, nikasema, "Nenda usikojua mtu. Wala usiogope kutojulikana. Uwaambie umetoka kwetu."

"Wapi, Bibi? Burundi, Tanzania au Texas?"

"Mlima mkali ukikuuliza, taja zote."

Baba yake akasafisha koo, akasema basi kama ni hivyo atampeleka uwanja wa ndege mwenyewe, kwa gari, maana gari analo. Mkenya akasema, "Shosho, na mimi je?" Nikamwekea mkono wa pili.

Sasa tuko katika kujiandaa. Wamelipia nafasi, wamenunua kofia ngumu, na kila Jumamosi lile jengo la Plano linapandwa. Kanisani hakuna asiyejua. Nikiulizwa hali, huwa naanza na hali, kisha nafika Sardinia.

Mimi nina kazi yangu moja. Siku atakayorudi nitakwenda uwanja wa ndege, nisimame pale mlangoni wanapotokea, nimeinua karatasi yenye jina lake. Nimeshaanza kujizoeza kuliandika kwa herufi kubwa. Halitakosewa hata herufi moja.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Mwanangu anadai kwamba kwenye simu nilisema "anarudi" tena na tena, kama niliyekwama, nami nakumbuka nililisema mara moja, kwa utulivu. Mkwe wangu naye anasema jirani alitaja gunia la mahindi, si la mkaa. Mliokuwa mezani, nanyi mliosimama kwenye ile foleni ya maji, popote mlipo, kama nimekosea nisahihisheni. Foleni niliipanga hivi: wa Arizona, aliyerudi kujenga, yule mrefu, mwenye mapacha, mimi, na jirani yangu. Na kama mwenye mapacha anasoma hapa, aniambie yuko wapi.