Shule Iliyofungwa Bila Kuaga

Odessa Pruitt alikuwa akifua mashuka katika hospitali moja ya Milwaukee, na mjukuu wake Lavonne, aliyekuwa na miaka tisa, hakujua kusoma. Shule ya mtaani walimpandisha darasa kila mwaka vivyo hivyo, mradi asogee. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba itatoa vocha za kuwalipia watoto wa wasiojiweza ada ya shule binafsi, Odessa alikimbilia kuomba. Vocha akaipeleka kwenye shule mpya iliyofunguliwa mahali palipokuwa duka la mazulia. Sketi ya buluu, tai nyekundu, mkuu wa shule mwenye maneno matamu.

"Sasa utatupita bila salamu," wenzake kazini walimtania. "Bibi wa shule ya binafsi!"

"Nitawapungia mkono kwa mbali," akajibu, na kicheko kikazidi kelele za mashine.

Odessa alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Lavonne alivaa na kwenda mwenyewe. Jioni bibi aliuliza, "Leo mmesoma nini, mama?"

"Herufi, Bibi."

Jibu lilikuwa lile lile siku zote, ila tangu Krismasi ipite sauti ya mtoto ilikuwa imefifia.

Siku moja ya Februari mashine za kufulia ziliharibika, wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani. Odessa akaona heri ampitie mjukuu wake. Alipokata kona alimwona, peke yake, theluji imemfika kwenye vifundo, uso ameubandika kwenye kioo cha shule. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Ndani kulikuwa na giza na viti vitupu vilivyopangwa vizuri, na ukutani herufi kubwa za rangi.

"Lavonne! Wenzako wako wapi?"

Mtoto hakugeuka. "Hawaji tena. Tulipotoka likizo tukakuta pamefungwa. Mkuu wa shule hayupo."

"Na wewe unafanya nini hapa?"

"Nasoma. Nimefika kwenye M."

"Mbona hukuniambia, mjukuu wangu?"

"Ulifurahi sana, Bibi."

Odessa alimwondoa pale kwenye kioo. Alimshika mkono. Vidole vilikuwa baridi kama vya maiti, na wazo hilo likamganda kichwani, asiweze kulitoa.

Kesho yake alimrudisha shule ya zamani, ameshajiandaa kwa ugomvi. Mwalimu Pettiford, aliyefundisha watoto waliobaki nyuma, hakumpa nafasi ya kugomba.

"Niachie mtoto kila siku baada ya masomo," alisema. "Lakini usitarajie miujiza, mama."

Haikuwa miujiza. Lavonne alilia, akarusha vitabu, akaanza upya. Mwaka uliofuata, asubuhi moja mezani, alisoma kwa sauti maandishi yote ya kwenye boksi la uji, hadi anwani ya kiwanda. Odessa alilia mpaka uji ukapoa.

Mtoto alipona. Bibi hakupona. Aliomba zamu ya kuchelewa kuingia ili amsindikize Lavonne, na kila mara alivuta kwanza mlango wa shule, ahakikishe unafunguka. Lavonne alipoingia sekondari akamwambia, "Bibi, unaniaibisha," naye akaacha kumfuata.

Lakini asubuhi za theluji majirani walimwona amesimama mbele ya ile shule ya msingi, watoto wote wameshaingia, mkono wake kwenye kitasa, akisikiliza kama ndani kuna sauti.