Nilivyopotea Ngazi Michenzani

Mambo haya siyasemi kwa raha, na mke wangu mpaka leo ananiambia nisiyaseme kabisa, lakini kwa kuwa nyinyi mmeshasikia nusu yake kwa watu (na nusu hiyo ni ile ya kwamba mchungaji alionekana Michenzani amelewa mchana kweupe), basi acheni niwape yote, mcheke panapochekesha, ingawa nawaambia mapema kwamba mahali penyewe ni pachache.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya sabini, majumba ya Michenzani bado mapya, watu wamehamishwa kutoka vibanda vyao vya Ng'ambo wakapewa nyumba zenye bomba na umeme ndani, na mmoja wao alikuwa Bi Agnesi, muumini wetu, mtu wa bara kama mimi, aliyekuja Unguja msichana na asirudi tena kwao. Nyumba aliifurahia, lakini ngazi zilimshinda. Tangu apandishwe juu hakushuka, kanisani hakuja tena, na mimi kila Jumapili nikimwambia binti yake Ana, "Mwambie mama nitakuja kumpa Meza ya Bwana huko huko," na kila wiki likitokea jambo.

Basi siku moja adhuhuri akaja Danieli, mume wa Ana, anahema. "Baba Mchungaji, mama anaondoka. Daktari hamtaki, anakutaka wewe. Anasema hafi mpaka apate Meza ya Bwana." Nikatia mkobani mkate, kikombe kidogo na chupa ya divai. Danieli akaniomba nimsubiri akamwite mzee wa kanisa, kisha atanipeleka mwenyewe mpaka mlangoni, nami nikamjibu, "Nyumba naijua, wewe nenda." Naijua wapi! Nilifika mara moja tu, siku ya kuhamia, nimebeba kabati na wenzangu, macho yangu yote yako kwenye kabati.

Majumba yale ni marefu, ngazi baada ya ngazi, zote sawa, rangi moja. Chini walikuwa wamekaa wazee wanakunywa kahawa, na neno moja tu kwao lingetosha. Kuuliza si ujinga, nimewafundisha watoto wa watu miaka yote, lakini siku ile niliona haya, mchungaji mzima aulize kondoo wake anakaa wapi. Nikawapa salamu kwa kishindo, nikapanda.

Ghorofa ya pili nikakuta mlango wazi, viatu vimejaa nje, ndani wanawake wamejitanda kanga, kimya, na bibi mmoja kalala kitandani kageukia ukutani. Nikajua nimefika. Nikapiga hodi, nikavua viatu, kijana mmoja akanipokea kwa mikono miwili, "Karibu, Baba, karibu," akaniweka kitini, nikaletewa kahawa. Ana sikumwona, nikadhani kaenda kuteka maji (katika nyumba yenye bomba, jamani!). Kahawa nikainywa, nikaongezewa nikanywa tena, maana nilishajifunza kwamba ukimkatalia Mzanzibari kahawa yake umemvunjia heshima.

Kisha nikasimama kuomba, na nyinyi mnanijua nikianza kuomba. Nikamshukuru Mungu kwa maisha ya mama huyu, nikamsihi ampokee, amsamehe, awafariji watoto anaowaacha yatima, na wale watu wakaitika "Amin" kwa adabu kabisa. Nikafungua mkoba, nikatoa chupa. Hapo yule kijana akanishika mkono polepole.

"Baba, samahani sana. Hiyo usiifungue humu."

Na kitandani ikatoka sauti nyembamba, lakini kali: "Hamadi, nani huyu anaenizika na mie nipo hai?"

Nikamgeukia yule kijana. "Huyu si Bi Agnesi?"

"Huyu mama'angu, Bi Mwanakheri, ana homa tu. Bi Agnesi yupo ngazi ya pili, hiyo ya jirani, tumepakana ukuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Mgeni haulizwi, Baba. Tulidhani umekuja kutazama mgonjwa, tukasema Mungu akulipe kheri."

Nilitoka bila ya kuaga. Mlangoni nikavaa vilivyonijia mguuni, kiatu kimoja changu na kingine cha mwanamke, na kwa haraka ile nikateleza kwenye ngazi, chupa ikapasuka, divai yote ikaishia kwenye kanzu yangu nyeupe. Wazee wa kahawa wakaniona natokea chini nachechemea, nimelowa, nanuka, na ndiyo kwanza watu wanatoka msikitini. Mmoja akasema, "Lahaula," akainamia kikombe chake. Nikakimbilia ngazi ya pili, na kabla sijafika juu nikasikia kilio.

Ana alikuwa mlangoni. Alinitazama tangu viatu mpaka kifuani, akaziba pua kwa kanga.

"Amekuulizia mpaka mwisho," akasema. "Kila akisikia mtu anapanda anauliza, ndiye? Leo, Baba? Hata leo umelewa?"

Mkate ulikuwa mzima mkobani na wa kumpa hayupo tena. Nilijiona mtu duni, na sikujionea huruma.

Mara Hamadi akaja na kiatu changu mkononi. Akatoa pole, kisha akawaeleza watu wote kwamba mimi sikulewa, nilipotea ngazi tu, muda wote nilikuwa kwao, divai imenimwagikia njiani. Alitaka kunisitiri, Mungu amlipe. Ana alimsikiliza mpaka akamaliza, ndipo akanigeukia.

"Kumbe ulikuwa hapo, nyuma ya ukuta, unakunywa kahawa," akasema. "Afadhali ungekuwa umelewa, Baba."

Mazishi aliyaongoza mzee wa kanisa, ndivyo Ana alivyotaka, mimi nikasimama na watu. Bi Mwanakheri alipona homa yake, na kila akimwona Mkristo humwambia anisalimie, anijulishe kwamba bado yupo.

Tangu siku ile neno "nitakuja" nimelitupa, nikiitwa naondoka na aliyeniita, na njiani nauliza, hata nyumba ninayoijua nauliza, mpaka watoto wa Michenzani wananiigiza. Nawaacha. Ana bado anakuja kanisani. Hukaa benchi la nyuma, na ibada ikimalizika hutoka kabla sijafika mlangoni kupeana mikono na watu.