Paa la Mwisho la Pancha

Fundi wa matairi tuliyemzoea kwa jina la Pancha alikuwa na sheria moja kibandani kwake: aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Hata meneja wa benki alisota nyuma ya mwenye toroli, na akinung'unika aliambiwa, "Gurudumu halina cheo, bosi." Adabu hiyo Pancha aliipata kwa shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki.

Mwaka ule mto ulivunja kingo, maji yakapita alama zote tulizozijua sisi wakongwe. Boti ya serikali tuliisikia redioni tu. Pancha akajaza upepo tyubu za lori, akazifunga chini ya mlango alioung'oa kibandani kwake, akapata chelezo.

Shangazi alikuwa juu ya paa la mwisho, la mashine ya kusaga. Kabla yake kulikuwa na mapaa matatu yaliyojaa watu.

"Mfuate shangazi yako kwanza, mwanangu," alisema mke wa seremala, paa la kwanza. "Sisi tuna kuta za zege."

"Mnazo, mama, ila maji hayajaambiwa."

Akaanza na walio karibu. Mwenye duka alitaka kupanda na godoro.

"Chagua, mzee. Wewe au godoro."

"Jipya hili, bado lina nailoni."

"Basi liache lilale."

Alipofika paa la tatu, akapaza sauti: "Shangazi, nije?"

"Si kuna watoto hapo? Maliza hao. Mimi nimekaa."

Na kweli alikaa, magoti pamoja, mtandio umefungwa vizuri.

Pancha alipomshusha mtoto wa mwisho nchi kavu, akageuza chelezo. Ukuta wa mashine ukainama taratibu, ukalala, na paa likaufuata. Pancha alipiga kasia hadi pale, akachokoa maji kwa mti mpaka tyubu moja ikaisha upepo, tukamvuta yeye peke yake kwa kamba.

Mwenye duka alikuja kumpa pole. "Ungeanza na yeye, nisingekulaumu."

"Ungenilaumu na mdomo upi, mzee, wakati ungekuwa chini ya maji?"

Mwenye duka akatazama chini.

Mto umerudi kitandani mwake. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Pancha huteremka kingoni na ndoano, akakwangua tope, labda walau mtandio utanasa. Mpaka leo hakijanasa kitu.