Mashuka Yaliyokosa Mahakama

Mama Pindo alifika mahakamani hata mfagiaji hajamaliza korido, akakaa benchi la mbele, mkoba mapajani, roho juu juu. Jina hilo wateja walimpa kwa sababu pindo alizoshona yeye hazifumuki. Yeye na wifi yake, dada wa mumewe, walikuwa wameshona mashuka ya hospitali ya serikali, kwa mkataba wenye saini na mhuri. Mashuka yakapokelewa. Malipo yakaingia mitini.

Wifi alisubiri hadi akachoka. Mkataba ulikuwa kwa jina la Mama Pindo peke yake, na mtaani maneno yalishazagaa kwamba fundi kalipwa kimya kimya, kamzunguka mwenzake. Wifi akayameza mazima mazima. Akahamisha cherehani yake, akaacha hata salamu. Watu waliobebeana watoto mgongoni, sasa wakikutana dukani kila mmoja anajifanya anasoma bei ya sabuni. Hilo ndilo lililomkosesha Mama Pindo usingizi. Kesi hii aliifungua ili mtu mwenye cheo chake aseme hadharani kwamba fundi hajalipwa.

Na wifi naye alikuja. Alikaa benchi la mwisho, mikono kifuani, uso umekunjwa, akingoja uongo uumbuke.

Wakili wa Serikali akainuka na pingamizi. Alisema mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza shauri lenyewe, kwa kuwa madai ya mkataba dhidi ya Serikali yana mahakama yake, ya juu zaidi, na kabla ya kwenda huko Serikali hupewa kwanza notisi. Wakili wa Mama Pindo akajibu kwamba hospitali ilitia saini yenyewe, basi ishtakiwe kama mteja mwingine yeyote. Wakarushiana vifungu vya sheria asubuhi nzima, na shuka hata moja halikutajwa. Mama Pindo alibana mkoba mpaka vidole vikamuuma.

Hakimu akavua miwani.

"Wakili, Serikali inakataa kwamba mashuka yalipokelewa?"

"Hapana, mheshimiwa. Yalipokelewa, na fundi hajalipwa. Hilo hatubishani nalo. Tunachosema ni kwamba hapa si mahali pake."

Hakimu akaandika kitambo, kisha akasoma: pingamizi limekubaliwa, shauri linaondolewa, mdai aende mahakama yenye mamlaka. Wakili wa Mama Pindo akainama kumweleza habari za notisi na kuanza upya, yeye akawa anasikia mvumo tu. Miezi yote ile ya kupanda na kushuka ngazi, kumbe alikuwa akibisha mlango wa jirani! Alishikwa na hasira, na aibu juu yake, kwa kuwa wifi alikuwa nyuma pale akishuhudia anavyofukuzwa.

Alipogeuka, wifi alikuwa amesimama karibu yake, macho chini, na mikono haikuwa tena kifuani. Akauliza:

"Wifi, hiyo mahakama ya juu, tunaenda lini?"

Mama Pindo alikuwa na maneno mengi makali, ameyaweka siku nyingi. Alimtazama, akampa mkoba aushike.

"Kwanza urudishe cherehani yako," akasema.