Kihenge Kisichoguswa

Sisi tuliokulia Kalenga, pale Iringa, kabla akiba haijahamia kwenye simu, tunaijua sura yake. Akiba ilikuwa na tumbo kubwa, ilisimama uani juu ya mawe, na ilinuka samadi iliyokaushwa na jua. Kwetu kulikuwa na vihenge viwili vya mianzi. Kimoja kilikuwa cha kula. Cha pili Baba alikijaza mahindi, akakiziba mdomo kwa udongo na samadi, akatutangazia kwamba hicho ni cha shida.

Kazi ikawa kuipata shida yenyewe, maana Baba alikuwa na viwango vyake. Mwezi wa pili, mvua inanyesha na kihenge cha kula kimebaki sakafu, tulikula ugali mwembamba kwa majani ya maboga, tukaambiwa hiyo ni njaa ya kawaida. Bati la jikoni likivuja, huo ni usumbufu. Dada akienda shule na sketi yenye viraka mpaka kitambaa cha asili hakijulikani, hayo ni maisha. "Shida bado haijaja," Baba alizoea kusema, na sisi tukaisubiri shida kama watoto wanavyoisubiri Krismasi.

Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba akiba haiozi. Nilipoifikisha methali hiyo nyumbani Baba alifurahi, akaniambia niiseme tena mbele ya Mama. Mama alikuwa na mashaka yake. Kila mavuno alimwomba tule yale mahindi ya zamani, tujaze mapya. Baba akajibu kwamba akiba ikishaguswa si akiba tena. Basi mavuno yakaja, yakapita, na udongo ukaongezwa juu ya udongo.

Jirani yetu, Baba Semeni, hakuwa na kihenge cha pili. Hata hicho kimoja kilikuwa kinajikongoja. Alichokuwa nacho ni mianzi, na msimu wa mvua ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulipoanza kutiririka, hakuna mpita njia aliyekosa kukaribishwa kikombe. Kwenye mgowe, ile kazi ya kulimiana mashamba kwa pamoja, alifika kabla ya mwenye shamba. Baba alimtumia kutufundishia. Alisema tumtazame vizuri, tumuone mtu asiyeijua kesho. Tulimtazama, na kusema kweli alionekana amenenepa kuliko sisi.

Kisha shida ikaja, na safari hii hata Baba aliitambua. Mama alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na mkunga akasema apelekwe hospitali ya mjini sasa hivi, la sivyo tutawakosa wote wawili. Mwenye gari pale kijijini alitaka magunia ya mahindi kwanza. Baba akachukua panga, akakiendea kihenge chake kwa hatua za mtu ambaye siku yake imefika, akapasua ule udongo.

Kilichomwagika ni vumbi. Dumuzi walikuwa wameila akiba yote, wala hawakuuliza kama shida imeshafika. Baba alipiga magoti, akaingiza mikono kwenye unga ule akitafuta punje nzima, na alipozikosa akalia mbele yetu. Ndani Mama naye alikuwa akilia. Sijawahi kuogopa tena namna ile.

Baba Semeni alisikia kilio akaja. Hakuuliza mengi. Alikata mianzi miwili, akafunga blanketi kati yake ikawa machela, akasimama njiani akapaza sauti: "Ambaye hajawahi kunywa kwangu, abaki nyumbani."

Hakuna aliyebaki. Hata mwinjilisti wetu, ambaye kila Jumapili aliukemea ulanzi kwa jina, alikuwa wa kwanza kuinamisha bega. Walimbeba Mama kwenye tope wakipokezana mpaka mjini, akajifungua salama mtoto wa kiume. Baba hakujenga tena kihenge cha pili, na wala hatukuthubutu kumuuliza.

Sasa naishi Uyole, Mbeya. Juzijuzi kijana mmoja mwenye suti ya kumbana alikuja kufundisha kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, kwamba kila mtu anaweza kuweka akiba ya dharura, ni suala la nidhamu tu. Mwenzetu muuza ndizi akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, niweke ndio nile, au nile ndio niweke?" Kijana akasema swali zuri, akaendelea na somo. Simcheki sana. Mimi mwenyewe naweka, tena kwa nidhamu, na kwenye simu dumuzi hawaingii. Huingia makato.

Na akiba hiyo imenifaa. Wiki iliyopita niliteleza bafuni nikavunjika mguu. Nikabonyeza simu, bajaji ikaja, dereva akalipwa, hospitali ikalipwa, mguu ukafungwa. Enzi zile ningesumbua kijiji kizima. Safari hii sikumsumbua mtu hata mmoja. Mdogo wangu, yule aliyezaliwa siku ile, yuko Chunya machimboni, na simu yake haikupatikana.

Jioni muuguzi, binti mdogo tu, akaja kitandani na kalamu yake. "Mama, tumpigie nani aje akae na wewe?"

Nikamwomba anipe muda nifikiri. Akaenda kuwahudumia wagonjwa wengine wodi nzima, akarudi, akanikuta bado nafikiri.