Mishumaa Sita ya Mama

Siku hizi pale Nyawera, katikati ya mji wetu, kuna duka linalouza mishumaa ya manukato. Imepangwa juu ya meza karibu na mlango, kila mmoja ndani ya glasi yake yenye kifuniko. Wateja huinua kifuniko, huinama, hunusa, hutabasamu, kisha hurudisha. Mwezi uliopita niliingia kumtafutia zawadi mwenzangu wa kazini aliyekuwa anaolewa. Nikainua kifuniko cha kwanza: limau. Nikainua cha pili: mdalasini. Muuzaji akaniuliza kama ninajisikia vibaya, akanisogezea kiti cha plastiki, na mimi nikakaa pale karibu robo saa na mkoba mapajani, nikiwaomba radhi watu waliokuwa wakinipita. Haukuwa ugonjwa. Ni kwamba kwangu mimi harufu ya mdalasini na nta hufuatwa na harufu nyingine, na hiyo ya pili hakuna duka linaloiuza.

Mama yangu alikuwa sekretari katika ofisi ya shirika moja la misaada, miaka ile wakimbizi walipojaa kandokando ya mji na wazungu wakaja nyuma yao na magari meupe. Nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaire. Wazungu wale walikuwa na desturi ya kupeana mishumaa yenye harufu wakati wa Noeli, na mikataba yao ilipokwisha hawakuibeba kurudi kwao. Wenzake Mama waligombea feni, masufuria na mashuka. Mama aliomba mishumaa. Wakamwita kwa kumcheka "Maman ya buji", kwani buji ndiyo jina letu la mshumaa huku Bukavu. Hakujali. Alikuwa amefikisha sita, na aliipanga ndani ya kabati la vioo sebuleni, mahali ambapo majirani zetu wa Kadutu waliweka sahani za harusi.

Naikumbuka kuanzia kushoto. Kwanza wa limau, ndani ya kopo la bati. Halafu wa msonobari, wa kijani, uliokuwa umeshatumika nusu. Wa waridi ulikuwa na umbo la ua, na petali moja ilikuwa imetafunwa na panya ambaye nadhani alijuta. Wa mdalasini, mwekundu na mnene. Wa lavanda, ndani ya glasi. Mwisho kabisa ulikaa wa vanila, mkubwa kama kopo la maziwa ya unga, ambao haukuwahi kuwashwa hata mara moja.

Jumapili tuliporudi kutoka misani, Mama alifungua kabati, akachagua mmoja, akauwasha kwa muda wa kula tu, kisha akauzima kwa kuufunika. Umeme ulipokatika, na ulikatika karibu kila siku, tulitumia mishumaa myeupe ya dukani. Mara moja mdogo wangu Bahati alitaka kuwasha wa waridi ili amalize kazi ya shule. Mama alimshika mkono.

"Ile haiko ya kuangaza. Iko ya kunusa."

Wa vanila tuliruhusiwa kuushika. Mimi niliubana puani kwa nguvu mpaka nta ikaniachia alama kwenye ncha ya pua. Nilikuwa na miaka kumi, na Mama alikuwa ameniahidi kwamba tutauwasha siku nitakapopata cheti cha kumaliza shule ya msingi. Kwa hiyo, nikuambieni ukweli, mimi niliuhesabu kuwa wangu.

Pamoja nasi aliishi Koko, mama yake Papa. Alikuja kwetu baada ya mumewe kufa na kuzikwa Katana, katika shamba lao la kahawa karibu na ziwa. Koko hakuona maana ya mishumaa ile. "Munachoma kitu inanukia chakula, kisha munakula sombe ileile," alisema kuhusu kisamvu chetu cha kila siku, akacheka hadi akakohoa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Papa, mzaliwa wake wa kwanza, alikuwa ameahidi mbele ya baba zake wadogo, kaburi la babu likiwa bado bichi, kwamba siku ya Koko ikifika atamlaza pale pale kando ya mumewe. Waliacha nafasi, wakaizungushia mawe. Kwetu ahadi ya namna hiyo haitolewi mara mbili, wala hairudishwi.

Koko alifariki Jumanne asubuhi, juma lile waasi walipoingia mjini. Mabomu yalikuwa yameanza Jumapili. Dawa zake zilikuwa zimekwisha na hakuna aliyeweza kutoka kutafuta nyingine. Alikufa kimya, ameketi kwenye godoro na mgongo ukutani, Mama akimpangusa uso. Papa alimfumba macho, akamnyoosha miguu, akasema, "Tutamupeleka Katana barabara ikifunguka."

Hatukuweza kumpeleka popote. Chumba cha maiti kilikuwa upande wa pili wa mji na katikati palikuwa na askari. Tulimlaza mezani sebuleni, juu ya kitenge chake cha misa. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magodoro kwa sababu ya risasi, kwa hiyo hewa ya nyumba ilikuwa ni ile ile tu, tunaivuta na kuirudisha.

Jumatano mchana Mama alichoma majani ya mikaratusi. Alimwaga unga wa kahawa chini ya meza, akakata ndimu na kuzipanga kwenye pembe za chumba. Ilipofika saa tisa alifungua kabati, akatoa mshumaa wa limau, akauweka upande wa kichwa cha Koko. Hapo ndipo wazazi wangu walipokubaliana, na mimi nilisikia kila neno, kwani nilikuwa nimekaa mlangoni.

"Papa Nsimire," Mama alisema. Nsimire ndimi. "Niko nachoma zote. Moja moja. Zikiisha na barabara haijafunguka, tunamuzika hapa nyuma."

Papa aliitazama mishumaa kupitia kioo kama mtu anayepima kamba. Ule wa vanila peke yake, alisema, ungeweza kwenda siku mbili. "Tutafika," akasema. "Sawa. Zikiisha."

Mimi sikufikiria Koko. Nilifikiria vanila. Mama alipokwenda jikoni nilifungua kabati, nikauchukua, nikautia ndani ya kartabu yangu ya shule, chini ya madaftari. Shule ilikuwa imefungwa, hakuna ambaye angeigusa kartabu. Hivyo ndivyo nilivyopanga mambo yangu.

Kila asubuhi risasi zilipopungua, Papa alikwenda hadi njia panda kuuliza waliotoka upande wa Katana kama watu wanapita. Kila asubuhi alirudi na jibu lile lile. Mchana alikuja jirani yetu Papa Katekista, akipenya kwenye tundu la ua, kutuongoza rozari. Alikuwa mtu wa utaratibu. Maiti, kwake yeye, ilistahili mishumaa myeupe iliyobarikiwa, miwili, basi. Ijumaa alikuta wa waridi unamalizikia na wa mdalasini ukingoja zamu yake.

"Mama Nsimire! Buji ya pinki kwa maiti?"

"Baba, hizo nyeupe hazinukie."

Alipiga magoti, akaanza, akafika katikati ya fumbo la tatu la uchungu, akakatiza sala na kunusa. Mdalasini ulikuwa umeshawashwa. "Bwana anisamehe," akasema. "Inanukia mandazi." Papa alicheka, Mama akacheka, hata sisi watoto tukacheka, tumepiga magoti kuizunguka meza ile. Nilicheka kwa mdomo uliofungwa, kwa sababu ukiufungua mdomo uliionja ile harufu. Chini ya mandazi ilikuwapo, nzito, tamu, inashika kooni. Inzi walikuwa wamejua njia. Bahati alikuwa ameacha kula tangu Alhamisi. Ukimpa kijiko alikitazama tu.

Jumamosi Papa alirudi kutoka njia panda na damu kwenye mikono yote miwili ya shati. Si yake. Mtu aliyekuwa amesimama karibu naye, akiuliza habari za barabara kama yeye, alipigwa risasi, na Papa alimvuta hadi kwenye mtaro, mtu yule akafia hapo. Mama alimvua shati bila kuuliza swali. Alilifua mara mbili. Kisha akawasha lavanda, ingawa mdalasini ulikuwa bado una kidole kizima cha nta. Nililiona hilo, nikashangaa, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kupoteza kitu.

Jumapili asubuhi Papa alikuta glasi ya lavanda imekauka, na mdalasini nao umekwisha.

"Imebaki ngapi?"

"Zimeisha."

"Na ile kubwa? Ya vanila?"

"Angalia mwenyewe. Zimeisha, Papa Nsimire."

Alilifungua kabati. Alipitisha mkono juu ya rafu, mahali palipokuwa na duara safi lisilo na vumbi. Kisha akatugeukia sisi, na sijawahi kumwona hivyo kabla wala baada ya siku ile.

"Nani alichukua buji ya maman?"

Bahati alitikisa kichwa. Mimi nilikuwa na neno tayari, lilikuwa mdomoni. Kartabu ilikuwa chumbani, hatua sita. Ningeweza kwenda na kurudi kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Nilitazama miguu ya Koko iliyofunikwa, nikawaza cheti changu cha shule, na nikawaza kipigo. Sikusema.

"Batoto hawakule," Mama akaingilia, kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwake. "Bahati anaona kizunguzungu. Weye unabauliza buji? Tulisikilizana."

Papa alilifunga kabati. Halafu akaenda kutafuta jembe.

Tulimzika Koko saa sita mchana nyuma ya jiko, kati ya migomba na kamba ya nguo. Papa na Papa Katekista walichimba kwa zamu, wakijilaza chini kila risasi zilipokaribia, na ndani ya shimo lenyewe walikuwa salama kuliko sisi tuliobaki juu. Hapakuwa na sanduku. Papa alitupa udongo wa kwanza, akasema kwa Kishi, lugha ya kwao, maneno ya kumwomba mama yake msamaha, akanipa mimi nami nitupe.

Jumanne barabara ilifunguka. Tuliliona jambo hilo kwa macho: vijana wanane walipita mbele ya lango wamebeba kipoyi, machela ya miti mabegani, na juu yake mzee wa mtaa wa juu aliyekufa siku moja na Koko, amefungwa ndani ya mkeka. Walikuwa wanampeleka upande wa Kavumu, nusu ya njia ya Katana. Papa alishika nondo za lango hadi walipopotea kwenye kona.

"Siku mbili," alisema. Hakumwambia mtu.

Nilikwenda chumbani, nikatoa mshumaa, nikautupa chooni. Nilisikia ulipofika chini.

Baadaye watu walimshauri Papa amhamishe Koko. Akakataa: aliyelazwa, alisema, hasumbuliwi. Lakini kila Novemba, mwezi wa kuwaombea wafu, na kila mwaka ambao vita vilituruhusu, alikwenda Katana kusafisha kaburi la babu, na akisha kulimaliza alipalilia nafasi iliyokuwa kando yake, ndani ya yale mawe, tupu. Nilikwenda naye. Nilishika jembe la pili. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilipalilia nafasi ambayo nilijua ni mimi niliyemnyima Koko, na sikusema.

Papa alifariki. Mwaka uliofuata nilimkuta Mama uani anachambua maharage, nikamwambia yote, toka kabati hadi choo. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Alhamisi nilifungua kartabu yako, nilitafuta karatasi ya kuwashia moto ya makala. Nikaikuta. Nikafunga tena."

Nilimuuliza kwa nini hakuutoa mshumaa. Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakirusha.

"Papa yako alikuwa anaenda ku njia panda kila asubui. Ile shati uliiona, hapana? Nilikuwa na maiti moja mu nyumba. Sikutaka zikuwe mbili."

"Na miye, maman? Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungemwambia papa yako. Kisha ukakuwa mukubwa, nikasema, huyu amesahau."

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba mimi ndiye niliyeiba. Sasa ninaelewa kwamba Mama alikuwa amefungwa na makubaliano aliyoyatoa mwenyewe, kwa mume ambaye asingevunja ahadi yake hata kama ingemuua. Hakuweza kuuficha mshumaa ule kwa mkono wake. Alihitaji mwizi, na mwizi alikuwa tayari ndani ya nyumba, ana miaka kumi. Simlaumu. Papa aliishi, akamwona Bahati akioa, akawashika wajukuu. Ila siku nyingine ninafikiria chakula cha jioni cha miaka yote ile: Mama upande mmoja wa meza, mimi upande mwingine, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayeibeba siri ile, na Papa katikati yetu, akituomba chumvi.